Mteja Amebonyeza Mara Moja, Oda Zikaingia Tatu: Siri ni Skripti Iliyojirudia

Kuna dada mmoja anauza raba mtandaoni. Stoki anatoa Kamukunji, picha anapiga kwa keja, na mteja analipa kiatu kikimfikia. Biashara ilikuwa inasonga fiti hadi wiki moja akaanza kupata oda za ajabu. Mteja wa Nakuru ameagiza pea tatu za raba ile ile, zote saizi 42. Dada akafurahi, akafunga mzigo, akaupeleka steji na kulipia mathree. Jioni simu ikalia: "Madam, mimi niliagiza moja tu. Hizi zingine ni za nani?"

Akadhani jamaa anamchezea. Wakarushiana maneno, pesa ya kurudisha mzigo akaibeba yeye, na mteja akapotea mazima. Siku mbili baadaye ikatokea tena, mara hii ni mtu wa Thika: pea mbili zimeagizwa, yeye alitaka moja. Hapo ndio akaacha kulaumu wateja na kufungua daftari. Daftari likamwonyesha kitu kimoja cha kushangaza. Kiatu kilichokuwa juu kabisa kwa websaiti yake kiliingia oda tatu kila mara. Cha katikati, mbili. Cha chini, moja. Wiki nzima, hivyo hivyo. Bahati mbaya haina mpangilio kama huo.

Leo tunaifungua hiyo hesabu ya tatu, mbili, moja, ju ukishaishika umeshika ugonjwa mmoja unaosumbua websaiti nyingi sana: skripti moja kuitwa mara kadhaa kwa ukurasa mmoja. Kama unajifunza kutengeneza websaiti, soma yote. Kama una biashara na umemlipa mtu akutengenezee, soma pia, ndio ujue cha kumuuliza.

Skripti ni nini, na kipande ni nini

Ukurasa wa websaiti una mwili na una akili. Mwili ni kile unaona: picha, maandishi, vitufe. Akili ni skripti, yaani maagizo ya JavaScript yanayoambia brauza kitu cha kufanya ukibonyeza, ukiandika ama ukiscroll. (Tukisema kodi hapo chini tunamaanisha hayo maagizo. Si kodi ya KRA, na si ile ya landilodi tarehe 5.)

Sasa, developa hapendi kuandika kitu kimoja mara mia. Akishatengeneza kile kisanduku cha kiatu, chenye picha, bei na kitufe cha "Nunua", anakihifadhi kama kipande cha kurudia. Akitaka viatu vitatu kwa ukurasa, anaita kipande mara tatu na kubadilisha picha na bei. Hii ni tabia nzuri, na karibu kila websaiti unayoijua imejengwa hivyo.

Ngori inaanza pale kipande kinabeba mwili na akili kwa begi moja. Ukiita kipande mara tatu, mwili unakuja mara tatu, na hiyo ndiyo ulitaka. Lakini akili nayo inakuja mara tatu, na hiyo hukuitisha.

Fikiria mathree ya abiria 14. Viti ni 14, makanga ni mmoja, na anakusanya nauli ya wote. Sasa fikiria mathree ambayo kila kiti kimeuzwa pamoja na makanga wake. Ukikaa tu, makanga kumi na wanne wanakunyooshea mkono, na kila mmoja ana haki, ju ameajiriwa kukusanya nauli. Hakuna mwizi hapo. Ni vile tu mwenye gari alinunua viti bila kuangalia ni nini kimefungwa pamoja navyo.

Tatu, mbili, moja: hesabu yenyewe

Hiki hapa ndicho kipande cha yule dada, tumekifupisha:

`<button class="nunua" data-kiatu="17">Nunua</button>`
`<script>`
`document.querySelectorAll('.nunua').forEach(function (b) {`
`  b.addEventListener('click', function () {`
`    tumaOda(b.dataset.kiatu);`
`  });`
`});`
`</script>`

Kwa Kiswahili cha kawaida skripti inasema: tafuta kila kitufe cha "nunua" kilichoko kwa ukurasa, kipe sikio, na sikio likisikia kimebonyezwa litume oda. Haina makosa hata kidogo. Developa aliijaribu kwa ukurasa wa kiatu kimoja, ikafanya kazi, akalipwa, akaenda zake. Miezi baadaye dada akaomba viatu vitatu vipya vionekane mbele kabisa. Developa akaita kipande mara tatu. Kazi ya dakika tano. Balaa ikaingia hapo.

Brauza husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini, na ikikutana na skripti kama hii inasimama na kuiendesha papo hapo kabla ya kuendelea. Kwa hivyo mambo yalikwenda hivi:

1. Brauza ikasoma kitufe cha kwanza, kisha skripti ya kwanza. Vitufe vilivyokuwepo ni kimoja. Kikapewa sikio moja.
2. Ikasoma kitufe cha pili, kisha skripti ya pili. Sasa vitufe ni viwili. Vyote vikapewa sikio. Cha kwanza kina masikio mawili, cha pili moja.
3. Ikasoma kitufe cha tatu, kisha skripti ya tatu. Vitufe ni vitatu, kila kimoja kikaongezewa sikio.

Jumlisha: cha juu masikio matatu, cha katikati mawili, cha chini moja. Mteja akibonyeza cha juu mara moja, masikio matatu yanasikia, na kila moja linatuma oda yake. Daftari la dada halikudanganya.

Na uone venye huu ugonjwa unavyojificha. Developa akibonyeza kiatu cha chini anaona oda moja, anasema, "Mbona kwangu iko sawa?" Mteja naye kwake haoni kitu, ju skrini inamwambia "Asante, oda imepokelewa" mara tatu haraka hadi anaona kama ni moja. Mtu pekee anayeumia ni mwenye kufunga mzigo.

Kuna kitu kingine wengi hawajui. Brauza yenyewe ina akili kidogo: ukiiambia iweke fankisheni ile ile kwa kitufe kile kile, kwa tukio lile lile, inapuuza ombi la pili. Kwa nini basi haikumsaidia dada? Ju kila skripti ikiendeshwa upya inaunda fankisheni mpya. Maneno ni yale yale, lakini kwa brauza huyo ni mtu mwingine kabisa. Ni kama mapacha: sura moja, vitambulisho viwili.

Dalili zingine za ugonjwa huu

Oda kuzidi ni dalili ya pesa, kwa hivyo inaonekana haraka. Kuna zingine zinakaa kimya.

*Menyu iliyokufa.* Kitufe cha menyu kazi yake ni kufungua ikiwa imefungwa na kufunga ikiwa imefunguliwa. Kikiwa na masikio mawili, la kwanza linafungua na la pili linafunga papo hapo. Wewe unaona hakuna kitu kimetokea. Kichekesho ni kwamba masikio yakiwa matatu menyu inafunguka vizuri, yakiwa manne inakufa tena. Ukisikia developa analia kwamba menyu yake "wakati mwingine inafanya, wakati mwingine inagoma", mwambie ahesabu skripti.

*Takwimu za uongo.* Skripti ya kuhesabu wageni ikiwekwa mara mbili, inaweza kuhesabu mtu mmoja kama wawili. Unafurahia namba, unamwonyesha mtu wa matangazo, na nusu yake ni hewa.

*Konsoli kuwaka nyekundu.* Skripti ya kawaida iliyoanza na `const` ama `let` nje ya fankisheni yoyote ikirudi mara ya pili, brauza inakataa na kulalamika kwamba jina hilo limeshatangazwa, na skripti hiyo ya pili haiendeshwi kabisa. Ukiona kosa la namna hiyo shukuru, ju angalau limepiga kelele. Ile ya `var` hubadilisha thamani kimya kimya na maisha yanaendelea.

*Laibrari kufuta kazi ya mwenzake.* Hii imelaza wasee wengi macho. Chukua jQuery, laibrari ya John Resig iliyotoka 2006 na ambayo bado iko kwa websaiti kibao. Kipande kimoja kinaileta, kisha plagini ya slaidi za picha inajiunganisha nayo. Chini kidogo kipande kingine kinaleta jQuery tena. Ya pili inachukua jina la `$` na kukalia kiti, lakini haijui lolote kuhusu ile plagini, ju plagini ilijifunga kwa ya kwanza. Ukiita slaidi unaambiwa fankisheni kama hiyo haipo. Unaangalia faili, iko. Unaangalia jina, liko sawa. Unaanza kushuku ni uchawi.

*Bando.* Hapa tuwe wakweli. Kama skripti zote zinatoka anwani moja ile ile, kwa kawaida brauza haipakui faili mara ya pili. Inachukua ile iliyo nayo, ila inaiendesha tena. Lakini kipande kimoja kikileta jQuery kutoka seva yako, kingine kutoka seva ya mbali, na cha tatu kikileta toleo tofauti, hayo ni mafaili matatu na yote yanapakuliwa. jQuery moja ni karibu KB 30 ikishabanwa. Peke yake si kitu, lakini mara tatu kwa simu ya bei ya chini, kwa mtandao unaosuasua, halafu simu hiyo isome na kuendesha zote, mteja ameshachoka kungoja na kurudi Instagram.

Hata wakubwa waliliona hili

Usidhani ni ugonjwa wa madevelopa wa mtaa. Angalia stori yoyote ya maceleb iliyojaa posti kumi za X. Kila posti ukiikopi kuja nayo kwa stori, mwisho wake kuna mkia wa skripti, ile ile ya `widgets.js`. Posti kumi, mikia kumi. Ndio maana Twitter yenyewe iliwapa madevelopa mpangilio unaoitwa `omit_script` wanapoomba posti kwa njia ya programu: ukiuwasha, posti inakuja bila mkia, na wewe unaweka skripti moja tu kwa ukurasa mzima. Instagram nayo ikawa na wake, `omitscript`.

Facebook walitumia njia nyingine. Kipande cha kodi walichokuwa wanawapa watu wa kuweka kitufe cha "Like" kilianza kwa kuuliza: je, kwa ukurasa huu kuna skripti yenye kitambulisho `facebook-jssdk`? Kama ipo, rudi. Walijua mtu atakibandika mara tano, wakaweka mlinzi mlangoni.

Hizo ndizo njia mbili kubwa za dawa: ama unazuia skripti isiandikwe mara mbili kwa ukurasa, ama unaiambia skripti yenyewe ijiulize kama ilishafika. Tuende polepole.

Dawa ya kwanza: daftari la seva

Hii ndiyo bora kwa websaiti nyingi. Kipande kisiandike skripti chenyewe. Kipande kiseme tu, "Mimi nahitaji skripti inayoitwa duka-nunua." Seva inaandika jina kwa daftari. Kipande cha pili kikisema vile vile, seva inaona jina liko na kunyamaza. Ukurasa ukimalizika, seva inasoma daftari na kuandika kila skripti mara moja.

Kwa WordPress daftari hilo liko tayari na linaitwa `wp_enqueue_script`. Unalipa jina, anwani ya faili, na orodha ya skripti zinazotakiwa kutangulia. Iite mara kumi kwa jina moja, itaandika mara moja. Ukiiambia inategemea `jquery`, WordPress italeta jQuery yake kwanza. Kwa hivyo ile tabia ya kubandika jQuery nyingine kwa faili ya kichwa cha ukurasa, "ndio niwe na uhakika", ndiyo inayoleta mbili.

Wa Django wana kitu kinaitwa `Media`: kila kisehemu cha fomu kinataja faili zake za JavaScript, Django inaziunganisha na kutoa zilizojirudia. Wa Laravel wana `@once` na `@pushOnce` kwa templeti za Blade, na majina yanajieleza.

Na kama wewe ni wa PHP ya kawaida bila fremuweki yoyote, usijali. Weka ile lebo ya skripti kwa faili yake, tuseme `nunua-skripti.php`, kisha ndani ya kipande iite kwa `include_once` badala ya `include`. PHP inakumbuka faili ambazo imeshaingiza kwa ombi hilo, hairudii. Neno moja tu linabadilika. Ila kumbuka itaandikwa pale kipande cha kwanza kipo, na vitufe vya chini vitakuwa havijafika. Hapo ongeza neno `defer` kwa lebo ya skripti yenye `src`, ingoje ukurasa wote usomwe kwanza.

Angalizo kuhusu hilo neno `defer`: peke yake halitibu marudio. Dada yetu angeweka skripti tatu zenye `defer`, zote zingengoja hadi mwisho, kisha kila moja ingevipa vitufe vyote vitatu sikio. Matokeo yangekuwa tatu, tatu, tatu. Afadhali ya kwanza.

Dawa ya pili: moduli

Brauza za kisasa zinajua moduli. Badala ya kuandika skripti ya kawaida, unaandika hivi:

`<script type="module" src="/js/nunua.js"></script>`

Moduli ina sheria moja tamu: anwani moja inaendeshwa mara moja tu kwa ukurasa, hata ikiandikwa mara ishirini. Tena inangoja ukurasa usomwe wote kabla ya kuanza, bila kuambiwa. Kwa yule dada, kubadilisha hivi tu kungemaliza kesi, bora skripti iwe kwa faili yake.

Nasema "kwa faili yake" ju hapo kuna mtego. Ukiandika kodi ndani ya lebo moja kwa moja, bila `src`, kila lebo inahesabiwa moduli yake na zote zinaendeshwa. Na "anwani moja" inamaanisha herufi kwa herufi: `nunua.js?v=1` na `nunua.js?v=2` ni wageni wawili tofauti. Kipande kimoja kikisahauliwa na namba ya zamani, umerudi ulikotoka.

Dawa ya tatu: mlinzi mlangoni, na sikio moja la wote

Wakati mwingine hauna uwezo wa kugusa seva. Unaandika kipande ambacho watu wengine watakibandika kwa websaiti zao, na watakibandika wapendavyo. Hapo skripti lazima ijilinde yenyewe:

`if (!window.nunuaIkoTayari) {`
`  window.nunuaIkoTayari = true;`
`  document.addEventListener('click', function (e) {`
`    const kitufe = e.target.closest('.nunua');`
`    if (kitufe) tumaOda(kitufe.dataset.kiatu);`
`  });`
`}`

Kuna mambo mawili hapo. Mstari wa kwanza ni mlinzi: skripti inauliza kama mwenzake alishafika, na kama ndio, inarudi nyumbani bila kelele. Chagua jina refu ambalo hakuna mtu mwingine atalitumia. Ukiita mlinzi wako `tayari` tu, siku moja skripti ya mtu mwingine itatumia jina hilo na yako haitaamka.

La pili ni kwamba sikio haliko tena kwa kitufe. Limewekwa kwa ukurasa mzima, mara moja, na likisikia mbonyezo linauliza, "Huyu amebonyeza kitufe cha nunua?" Huyu ndiye makanga mmoja wa viti vyote. Ukiongeza kiatu cha nne, cha tano, hata viatu vinavyoletwa baadaye mtu akiscroll, sikio lile lile linawahudumia. Hata kama hutaki kukumbuka kitu kingine kwa hii stori, kumbuka hili.

Kama unatengeneza vipande kwa njia ya lebo zako mwenyewe, zile za `customElements`, brauza haikupi nafasi ya kusajili jina moja mara mbili. Inatupa kosa. Uliza kwanza kwa `customElements.get` kama jina lipo, ndio usajili.

Dawa ya nne: kuitisha kwa ahadi

Kuna skripti nzito ambazo hutaki zije hadi mtu azihitaji, kwa mfano ya ramani. Kila kipande cha ramani kinaiitisha kikionekana. Wengi huandika: kama lebo ya skripti iko kwa ukurasa, endelea. Kosa lao ni kudhani kuwepo kwa lebo ni kuwepo kwa kazi. Kipande cha kwanza kimeweka lebo, faili bado iko njiani. Cha pili kinaona lebo, kinaendelea, kinaita ramani ambayo haijafika, kinaanguka. Kwa intaneti ya ofisini hutaona. Kwa simu ya mteja aliye ndani ya mathree huko Limuru, ataona.

Dawa ni kuweka ahadi moja na kumpa kila anayeuliza:

`const zilizoitwa = {};`
`function leta(url) {`
`  if (!zilizoitwa[url]) {`
`    zilizoitwa[url] = new Promise(function (sawa, kosa) {`
`      const s = document.createElement('script');`
`      s.src = url; s.onload = sawa; s.onerror = kosa;`
`      document.head.append(s);`
`    });`
`  }`
`  return zilizoitwa[url];`
`}`

Wa kwanza anasababisha faili iitwe. Wa pili hadi wa mwisho wanapewa ahadi ile ile na wote wanangoja kitu kimoja. Bila shaka hii fankisheni yenyewe ikae mahali pamoja. Ukiibandika ndani ya kila kipande, umeanza upya.

Vipande vinavyokuja baadaye

Daftari la seva linakumbuka ombi moja tu. Ukurasa ukiwa na ile tabia ya kuleta stori zaidi ukiscroll, kila kundi ni ombi jipya, na seva haijui ulishapewa nini mwanzo. Itaandika skripti tena.

Ikitokea hivyo, matokeo yanategemea unabandikaje hizo stori. Ukitumia `innerHTML`, brauza haiendeshi skripti zilizo ndani, na vitufe vipya vitakuwa bubu. Ukitumia `.html()` ama `.append()` ya jQuery, skripti zinaendeshwa, na masikio yanaanza kuongezeka kila mtu anaposhuka chini. Ndio maana ukurasa wa kuscroll unahitaji mlinzi na sikio la pamoja, hata kama daftari la seva liko sawa.

Seva isiamini mtu

Hata ukitibu haya yote, bado kuna mteja ambaye mtandao umekwama, akakasirika, akabonyeza mara nne. Huyo hana skripti iliyojirudia, ana vidole. Kwa hivyo mambo ya pesa yalindwe pia kule nyuma. Fomu ikifunguliwa ipewe namba yake ya kipekee. Oda ya pili ikija na namba ile ile, seva ijibu, "Hii nishaipata," na isiandike mpya. Kitufe nacho kizimwe mara tu kikibonyezwa, hadi jibu lirudi.

Ila usitumie hili kama kisingizio cha kuacha skripti zikijirudia. Utakuwa umeokoa oda na kuacha menyu imekufa na takwimu zikidanganya.

Jikague kwa dakika tano

Fungua websaiti yako kwa laptopu, kwa Chrome. Bonyeza F12, nenda kwa konsoli, andika:

`[...document.scripts].map(s => s.src)`

Utapewa orodha ya skripti zote. Soma jina kwa jina. Ukiona faili moja mara mbili, ama jQuery mbili za matoleo tofauti, umepata mgonjwa. Zile zisizo na `src` zitaonekana kama nafasi tupu. Nyingi zikifuatana, fungua ukurasa uone kama ni kipande kinachojirudia na akili yake.

Kisha chagua kitufe kile muhimu zaidi kwa biashara yako, kibofye kulia na kukikagua, rudi kwa konsoli na uandike `getEventListeners($0)`. Hapo unahesabu masikio. Kama ni matatu na kazi ni moja, uko kwa kiti cha yule dada.

Mwisho, jaribu ukurasa ukiwa na kipande kimoja, kisha viwili, kisha vitano, na ubonyeze cha juu na cha chini. Developa wa dada alijaribu kimoja tu. Kimoja huwa sawa kila wakati.

Yeye kwa sasa ametulia. Skripti ilitolewa kwa kipande ikawekwa kwa faili yake kama moduli, seva ikafundishwa kukataa oda ya pili, na kazi yote haikumaliza hata asubuhi moja. Kitu kilichomchukua muda ni kutafuta namba ya yule mteja wa Nakuru na kumwambia, "Pole, ulikuwa unasema ukweli."